Okot p'Bitek: Mswada uliokataliwa na mama aliyeuliza mahadhi

Mwaka 1956 timu ya taifa ya kandanda ya Uganda ilifanya ziara nchini Uingereza. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwemo mwalimu mmoja kutoka Gulu, Okot p'Bitek, aliyekwisha kuchapisha riwaya moja na kuandika mswada wa shairi ambao wachapishaji waliukataa. Ziara ilipokwisha, hakurudi nyumbani pamoja na wenzake. Alibaki huko kusoma.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji mwenye jina katika jamii ya Waacholi, na kwake ndiko mwana alikopata nyimbo, ngano na methali kabla ya kushika kalamu. Akiwa mwanafunzi katika shule ya King's College Budo, alitunga na kuonyesha jukwaani opera aliyoiita Acan.

Riwaya yake, Lak Tar, ilitoka mwaka 1953 kwa lugha ya Kiacholi, naye akiwa na umri wa miaka 22 tu. Inamhusu Okeca Ladwong, kijana fukara aliyefiwa na baba, anayekwenda kusini kutafuta mahari. Anataabika katika mashamba ya miwa karibu na Jinja, kisha vibaka wanamwibia fedha zake zote akiwa njiani kurejea kwao. Kitabu hicho kilisomwa na Waacholi, lakini nje ya eneo lao hakikujulikana.

Mtu angetarajia kijana wa namna hiyo ajifungie na kuandika riwaya ya pili. Okot hakufanya hivyo. Alifundisha katika shule ya Sir Samuel Baker karibu na Gulu, akaongoza kwaya ya shule hiyo, akacheza mpira. Katikati ya shughuli hizo akaandika shairi fupi kwa sauti ya mwanamke wa Kiacholi anayemlalamikia mume wake msomi, ambaye ameyapa kisogo mambo ya kwao. Hilo ndilo shairi lililokataliwa.

Nchini Uingereza alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya jamii na tamaduni za watu huko Oxford, ambako mwaka 1963 aliwasilisha utafiti kuhusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Huenda utafiti huo ndio uliomfaa zaidi mtunzi kuliko masomo yake mengine yote, kwa sababu ulimlazimu kurudi kuwasikiliza waimbaji wa kwao kwa masikio ya mhakiki.

Aliporejea alifanya kazi mjini Gulu katika idara ya masomo ya nje ya Makerere, na huko akasaidia kuanzisha tamasha la sanaa lililowaleta pamoja wachezaji ngoma na waimbaji wa vijijini. Mswada wa zamani ulifunguliwa tena, ukarefushwa, ukawa Wer pa Lawino.

Okot alisimulia baadaye kwamba alimsomea mama yake shairi hilo. Mama alifurahi, lakini akauliza: mahadhi yake ni yapi? Mwana hakuwa na jibu. Kwa mwimbaji wa Kiacholi, wimbo usioimbika una kasoro, hata maneno yake yawe matamu kiasi gani. Hakuna mhariri aliyeugusa mswada ule mahali penye uchungu kama pale.

Sehemu ya tafsiri ya Kiingereza, aliyoifanya mwenyewe, ilisomwa katika mkutano jijini Nairobi na kupokewa vyema. Mwaka 1966 shirika la East African Publishing House likatoa Song of Lawino, miaka kumi baada ya mswada wa kwanza. Katika kurasa za mwanzo mwandishi alikiri waziwazi kwamba tafsiri yake imeua vina na mapigo ya Kiacholi. Kiacholi chenyewe kilisubiri hadi 1969 kuchapishwa. Wasomaji wa Kiswahili walipata Wimbo wa Lawino mwaka 1975, kwa tafsiri ya Paul Sozigwa, aliyekuwa mtangazaji mashuhuri wa Tanzania.

Umaarufu haukumkinga. Aliongoza Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala, lakini baada ya kuwakosoa wanasiasa wa Uganda akiwa safarini Zambia alipoteza kazi hiyo na kuishi uhamishoni Kenya kwa miaka mingi. Kisumu nako aliandaa tamasha la sanaa. Mwaka 1970 Oxford ilikataa tasnifu yake ya uzamivu kuhusu dini za jadi. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya mada hiyohiyo, Religion of the Central Luo, kupitia shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki.

Alirudi Makerere baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka, na mwaka 1982 akafanywa profesa wa uandishi wa kubuni. Alifariki dunia mwezi Julai mwaka huohuo. Riwaya yake ya ujanani, ile ya Okeca na mahari iliyoibwa, ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1989 kwa jina la White Teeth.