Habari za Bibi Lise Meitner

Tunataka kuwapasha wasomaji wetu habari za mwanamke mmoja mwenye elimu kuu, ili tuone jinsi elimu na dhamiri zipasavyo kufuatana.

Lise Meitner alizaliwa Vienna, nchi ya Austria, mwaka 1878, katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1907 alikwenda Berlin, na mwaka wa pili akabatizwa katika Kanisa la Kiinjili. Siku zile wanawake hawakuruhusiwa katika nyumba ile ya elimu. Akapewa chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala. Humo yeye na Otto Hahn walipima mionzi isiyoonekana kwa chombo chenye jani jembamba la madini. Likitiwa umeme jani huinuka. Mionzi ikipita, umeme hutoka nalo hushuka. Kadiri lishukavyo upesi, ndivyo mionzi ilivyo na nguvu.

Mwaka 1938 Hitler aliitwaa Austria, na Bibi Meitner hakuwa na kinga tena. Mwezi wa Julai alikimbia, hata akafika Sweden. Mwezi wa Desemba Hahn alimpelekea barua ya kuwa urani iliyopigwa kwa nyutroni imetoa bariamu. Yeye na Otto Frisch, mtoto wa ndugu yake, wakafikiri na kupiga hesabu, wakatambua ya kuwa kiini cha atomu kimepasuka vipande viwili.

Lakini neno hili lilitaka ushahidi. Frisch alirudi Copenhagen, akatengeneza chombo chenye mabamba mawili ya chuma, moja limepakwa urani. Kipande cha kiini kikiruka kati ya mabamba, huamsha umeme kidogo hewani. Umeme huo hukuzwa, na alama yake huonekana juu ya kioo. Tarehe 13 Januari 1939 alipoileta nyutroni karibu, aliona alama kubwa kupita zote za mionzi ya desturi ya urani. Ndipo ikathibitika.

Mwaka 1943 Bibi Meitner alialikwa kusaidia kutengeneza bomu, akakataa kabisa. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 ilipewa Hahn peke yake. Wala yeye hakuiacha kazi yake kwa sababu hiyo. Alifariki Cambridge, Uingereza, mwaka 1968.

Basi, nasi tukijaliwa ufahamu, tumwombe Mungu pia moyo wa kujua pa kukoma.