Rashid al-Din, Mwandishi wa Tarikh ya Wamongoli

Wamongoli waliiteka Baghdad mwaka 1258. Katika waliotuhifadhia habari zao, mkubwa ni Rashid al-Din wa Hamadan, tabibu aliyezaliwa Myahudi kisha akasilimu. Mwaka 1298 Sultani Ghazan, Mmongoli aliyesilimu mwaka 1295, alimfanya waziri wake, akamwamrisha aandike tarikh ya kaumu yake. Rashid hakutosheka na vitabu. Alimwuliza Bolad, Mmongoli aliyetumwa kutoka Uchina, mambo ya wazee wao. Kisha Sultani Oljeitu akamtaka aongeze habari za Wachina, Wahindi, Mayahudi na Wafaranji; ndipo kikatimia kitabu Jami al-Tawarikh.

Huko Tabriz alijenga mtaa wa ilimu, wenye msikiti, hospitali na wanafunzi, akauwekea wakfu. Alisharutisha kwamba kila mwaka vitabu vyake vinakiliwe kwa Kiarabu na Kiajemi, vipelekwe katika miji ya Waislamu.

Mwaka 1318 alisingiziwa kwamba alimtilia Oljeitu sumu, akauawa, na mtaa wake ukaporwa. Lakini nakala zilikwisha tawanyika, na baadhi yake zingalipo hata leo. Basi na tuzingatie, ndugu zetu: ilimu iliyofungiwa sandukuni huzikwa na mwenyewe, iliyoenezwa, upanga hauifikii.