Kazadi Mwamba, golikipa aliyebebeshwa magoli tisa

Hapa kwetu Masisi na Walikale, golikipa akifungwa sana, wazee wa mupira wanaanza kukumbusha mambo ya Zaire na Yugoslavia ya mwaka 1974. Magoli tisa kwa sifuri. Wengi wanaamini yote yaliingia kwa Kazadi Mwamba. Sivyo ilivyokuwa.

Kazadi alizaliwa mwaka 1947. Alijulikana ku Lubumbashi, ndani ya ekipe ya Englebert, ile tunayoita leo TP Mazembe. Ekipe hiyo ilichukua Kombe la Vilabu Bingwa vya Afrika mwaka 1967, ikarudilia mwaka 1968, tena ikafika fainali mwaka 1969 na 1970. Fainali ine mufululizo!

Ku ekipe ya taifa pia alishinda. Mwaka 1968, kule Addis Ababa, Kongo ilipiga Ghana 1-0 ikapata Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Mwaka 1974, kule Misri, fainali na Zambia iliisha 2-2, ikachezwa tena, Zaire ikashinda 2-0. Watu wanakumbuka magoli tisa ya Ndaye Mulamba katika mashindano hayo, lakini nyuma yake kulikuwa golikipa.

Miezi mitatu baadaye, Leopards walikuwa Ujerumani ya Magharibi, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza walipoteza 2-0 mbele ya Scotland. Hakuna aliyewacheka. Kisha wachezaji wakaelewa kwamba pesa za prime walizoahidiwa hawatazipata. Wakataka kugoma. Tarehe 18 Juni waliingia uwanjani Gelsenkirchen wakiwa na roho nzito.

Dakika 20 hazijaisha, Yugoslavia ilikuwa na magoli matatu. Kocha Blagoje Vidinić, yeye mwenyewe mtu wa Yugoslavia, akamutoa Kazadi na kuingiza Tubilandu Ndimbi. Goli la ine likaingia palepale. Mapumziko yalifika ikiwa 6-0. Kabla ya hapo Ndaye alikuwa amepewa kadi nyekundu kwa kosa la mwingine, wakabaki kumi. Kwa hiyo Kazadi alifungwa matatu. Sita yaliingia akiwa nje. Na hata Tubilandu si wa kulaumiwa peke yake: ekipe nzima ilikuwa imevunjika.

Siku ine baadaye Kazadi alirudishwa golini mbele ya Brazil. Mwepu Ilunga alisimulia miaka mingi baadaye kwamba watu wa Mobutu waliwatisha: wakifungwa zaidi ya matatu, wasifikiri kurudi nyumbani. Brazil nayo ilihitaji magoli matatu ili ipite. La tatu, mupira wa Valdomiro, ulipita chini ya mwili wa Kazadi. Hilo ni lake, hatufichi. Lakini mechi iliisha 3-0, na wote wakarudi.

Kazadi alifariki mwaka 1996. Makombe mawili ya taifa, fainali ine za vilabu, na bado jina lake linatajwa juu ya siku moja.

Ndiyo maana, kijana anayesimama kati ya miti mbili pale Masisi-centre ao Walikale akifungwa, tuulize kwanza: beki walikuwa wapi? Na wakubwa waliwatendea nini kabla ya mechi?