Mariamu Magdalene na jina ambalo si lake



Kabla sijaingia katika habari za mama huyu, wacha nitubu kwanza. Nimehubiri Pasaka kwa zaidi ya miaka kumi, na karibu kila Pasaka nimesema kwamba Mariamu Magdalene alikuwa kahaba. Nilisema kwa sauti, na kanisa likaitikia amina. Mwaka jana baada ya ibada, mama mmoja wa hapa kwetu alinifuata hadi mlangoni na Biblia yake mkononi, akaniuliza kwa adabu habari hiyo iko sura gani. Nikamwambia Luka 7. Akasema ameisoma yote na hakuliona jina. Basi, nikasema, iko Yohana 8. Akafungua pale pale tukiwa tumesimama. Hakuna jina. Nikamwahidi jibu Jumatano kwenye somo la Biblia, nikaenda nyumbani na aibu yangu.

Mama huyo wengi wenu mnamjua. Aliombewa kwenye kesha akafunguliwa, na ushuhuda wake alitupa yeye mwenyewe. Sitaandika alifunguliwa kutoka nini, maana hilo ndilo lililomfanya aulize. Kila akisimama kutangaza jambo, kuna mtu kwenye benchi anamnong'onezea mwenzake vile alivyokuwa zamani.

Sasa tumwangalie Mariamu.

Jina lake linatupa mji wake. Magdala ulikuwa ufuoni mwa Bahari ya Galilaya, upande wa magharibi, kaskazini kidogo ya Tiberia. Ulikuwa mji wa wavuvi na wa samaki wa kutiwa chumvi, wale watu wa pwani wangewaita ng'onda. Mwaka 2009 wachimbaji walifukua hapo sinagogi lililokuwa likitumika siku zile zile za Bwana Yesu. Kwa hiyo tusifikirie shimo la dhambi. Ulikuwa mji wa kazi, wenye biashara na wenye nyumba ya ibada.

Angalia pia vile anavyotajwa. Wanawake wengine katika Injili tunawajua kwa waume zao au watoto wao: Yoana mke wa Kuza, Mariamu mama wa Yakobo na Yose. Huyu anajulikana kwa mji wake tu. Mimi naona hakuwa chini ya mume wakati ule. Pengine alikuwa mjane, na mali yake ilikuwa mkononi mwake.

Luka 8 inasema alitokwa na pepo saba. Basi. Haisemi waliingiaje, wala walimfanya nini. Na hapa sisi Wapentekoste tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa, kwa sababu tunawaombea watu hawa kila wiki. Yule kijana wa Marko 9 aliyetupwa motoni na majini na pepo, baba yake alisema hali hiyo ilimshika tangu utoto. Alikuwa amezini wapi? Yule mtu wa makaburini aliyejiita Legioni, hakuna anayemwita mzinzi. Waandishi wa Injili wanawataja wenye pepo pamoja na wagonjwa, na Luka anafanya hivyo hivyo na Mariamu. Aliteswa sana, akawekwa huru.

Baada ya hapo hakurudi Magdala kuuza samaki. Alifuatana na Yesu kutoka mji hadi mji pamoja na Yoana, Susana na wengine wengi, wakiihudumu huduma ile kwa mali zao. Hebu fikirieni Mwalimu na wanaume kumi na wawili njiani, wanakula nini? Chakula kilitoka mifukoni mwa kina mama hawa. Na Kuza, mume wa Yoana, alikuwa wakili wa Herode, yule aliyemkata Yohana Mbatizaji kichwa. (Siku moja nitaandika habari za Yoana peke yake, nyumba yake haikuwa rahisi.)

Kisha Yerusalemu. Wanafunzi walikimbia, Petro akakana. Mariamu alikuwa pale msalabani. Yusufu wa Arimathaya alipouchukua mwili na kuuweka kaburini, alikuwa akitazama unawekwa wapi. Mathayo anasema alikuwa ameketi kulielekea kaburi. Naupenda mstari huo. Hakuna alichoweza kufanya, na Sabato ilikuwa inaingia, lakini aliketi. Hivyo asubuhi ya siku ya kwanza, kukiwa bado giza, hakupotea njia.

Akakuta jiwe limeondolewa. Alikimbia kuwaita Petro na yule mwanafunzi mwingine. Wakaja mbio, wakaangalia, wakarudi zao nyumbani. Yeye akabaki analia. Malaika walimwuliza kwa nini analia, na hata hilo halikumtuliza. Yesu mwenyewe alisimama nyuma yake, akamdhani ni mtunza bustani. Alikuwa amemhudumia siku nyingi, na macho yake hayakumtambua. Alimtambua alipoitwa Mariamu. Bwana hakumwita kwa pepo wake wala kwa yaliyopita. Alimwita jina lake, kisha akamtuma kwa ndugu zake na habari ambayo hakuna mwanadamu mwingine alikuwa nayo.

Luka anasema mitume waliona maneno ya wale wanawake ni upuzi. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ile, anaandika kwamba ushahidi wa wanawake haukupokelewa. Ni mtu gani angetunga hadithi ya ufufuo halafu achague shahidi ambaye hata marafiki zake hawamwamini? Lakini ndiye aliyeona msalaba, akaona maziko, akaona kaburi wazi.

Baada ya Injili jina lake halitajwi tena. Matendo 1 inasema wanawake walikuwa ghorofani pamoja na mitume wakidumu katika kuomba, na mimi sina shaka alikuwa kati yao.

Sasa huo ukahaba tuliupata wapi? Luka 7 inamalizika na mwanamke mwenye dhambi, asiye na jina, aliyempaka Yesu marhamu miguuni nyumbani kwa Simoni Farisayo. Ukigeuza ukurasa, unakutana na Mariamu wa pepo saba. Halafu Yohana 12 kuna Mariamu mwingine, wa Bethania, dada yake Martha, naye alimpaka Bwana marhamu miguuni akamfuta kwa nywele zake. Mwaka 591, Papa Gregori Mkuu alihubiri huko Roma kwamba hao watatu ni mtu mmoja, na kwamba pepo saba ni dhambi zote. Makanisa ya Magharibi yakampokea. Yale ya Mashariki yaliendelea kuwahesabu kuwa wanawake watatu.

Hubiri hilo moja lilitembea mbali. Wachoraji walimchora nywele zikiwa chini, chupa ya marhamu mkononi. Mwaka 1758 nyumba ya kuwaweka makahaba ilifunguliwa London ikapewa jina lake. Huko Ireland nyumba za jina hilo zilifungia wasichana na kuwafulisha nguo za watu bila malipo, wengine kosa lao likiwa kupata mimba tu, wengine hata hilo hawakufanya. Ya mwisho ilifungwa 1996, na waziri mkuu wa nchi hiyo akaomba msamaha bungeni 2013.

Wakatoliki wenyewe waliporekebisha kalenda yao mwaka 1969, waliiondoa Luka 7 kwenye masomo ya siku yake. Sisi tunaosema tunafuata Biblia peke yake ndio tumebaki tukilihubiri hubiri la Papa wa mwaka 591. Nilicheka nilipolielewa hilo, halafu nikaacha kucheka.

Jumatano ile nilimwambia yule mama, mbele ya darasa zima, kwamba yeye ndiye alikuwa sawa. Hakusema neno. Alifunga Biblia yake, akatikisa kichwa kidogo, akaniuliza kama Mariamu aliwahi kuambiwa samahani.

Somo la Jumapili ijayo ni Yohana 20:1–18. Nimemwomba yeye asimame mbele kulisoma, na amekubali. Tafadhali tufike mapema.