Kikunae Ikeda, Mjapani Aliyetafuta Ladha

Sisi wa Cyangugu twajua kwamba maharagwe matupu na maharagwe yaliyotiwa sambaza wakavu wa Ziwa Kivu si chakula kimoja. Mtu aliyechungua utamu wa namna hiyo ni Profesa Kikunae Ikeda, nami napenda kuwaelezeni habari zake.

Alizaliwa Kyoto mwaka 1864, akasoma kemia Tokyo. Mwaka 1899 alikwenda Ujerumani kwa Profesa Wilhelm Ostwald, na aliporudi mwaka 1901 akapewa uprofesa. Basi, Wajapani hupika supu kwa mwani uitwao kombu. Ikeda aliona ladha yake si ya sukari, si ya chumvi, si ya ndimu, wala si chungu. Mwaka 1908 alichemsha kilo 12 za mwani mkavu akapata gramu 30 tu za asidi ya glutamiki, moja ya zile asidi amino zijengazo nyama ya mwili. Ladha yake akaiita umami. Hakufanya hivyo kwa kujifurahisha: alitaka chakula duni cha watu wake kiwe kitamu, kipate kuwafaa mwilini.

Mwaka 1909 Saburosuke Suzuki alianza kuiuza kwa jina la Ajinomoto. Lakini kazi ilikuwa ngumu! Waliitoa katika ngano kwa kuichemsha na asidi kali, nayo ikala vyombo, hata wakatumia mitungi ya udongo. Ikeda alifariki mwaka 1936 njia ikiwa ni hiyo hiyo.

Katika mwaka 1956 Wajapani waligundua bakteria wanaotengeneza glutamiki kutoka sukari. Ila bakteria wa namna hii hutumika mara moja, kisha hutupwa. Kwa asidi amino nyingine, asidi ya aspatiki, kampuni ya Tanabe Seiyaku ilipata hila mwaka 1973, nami naisifu sana: waliwafunga bakteria ndani ya vipande vya kitu kama uji ulioganda, wakavijaza katika bomba kubwa. Dawa zilipita juu, aspatiki ikatoka chini, na bakteria walewale wakafanya kazi miezi mingi.

Baadaye uji ule ulibadilishwa, ukatumika utomvu wa mwani uitwao karajini. Mwani wenye utomvu huo hulimwa hata Zanzibar tangu mwisho wa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima wake ni wanawake.