Simon Kimbangu, Mponyaji Aliyefia Kifungoni

Nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu mmoja wa Congo. Wengi wetu tumesikia jina lake tu, na wengine hata jina hatujalisikia. Lakini kwanza sina budi kueleza sababu iliyonifanya nimtafute mtu huyu.

Mdogo wangu ana kifafa. Amekuwa akimeza vidonge kila siku tangu alipokuwa na miaka sita, na kwa vidonge hivyo alikuwa haanguki ila mara chache. Mwaka jana, wakati wa likizo, alifika mtaani kwetu mhubiri mmoja aliyesema kwamba mwenye imani timilifu hana haja ya dawa. Mama aliombewa pamoja na mdogo wangu, kisha akaviweka vidonge kabatini. Siku ishirini hazikupita, mtoto akaanguka jikoni na mkono wake wa kushoto ukaungua vibaya. Yule mhubiri alipoulizwa, alijibu kwamba imani yetu ilikuwa haba. Baba alikasirika mno akasema hataki tena kusikia sala nyumbani mwake. Mama alilia usiku kucha, maana sasa alikuwa na mizigo miwili: mtoto aliyeungua, na mashaka kwamba labda yeye mwenyewe hakuokoka.

Nalirudi shuleni na maswali mawili. Je, ni kweli kwamba mgonjwa anaweza kuponywa kwa sala? Na yule asiyepona, je, ametupwa na Mungu?

Mjomba wangu ni dereva wa lori. Hupitia Tunduma na Zambia mpaka Lubumbashi, mji wa Congo ambako watu husema Kiswahili kama sisi, ingawa chao kina ladha yake. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba katika mji ule alikufa mfungwa mmoja aliyesifiwa kwa kuponya wagonjwa. Nikaanza kutafuta habari zake katika maktaba na kwa kuwauliza walimu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Simon Kimbangu alizaliwa yapata mwaka 1887 katika kijiji cha N'kamba, katika nchi ya Wakongo, upande wa magharibi. Mama yake alikufa yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na jamaa yake aliyeitwa Kinzembo. Siku zile nchi ilikuwa na taabu nyingi. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitawala kama shamba lake mwenyewe mpaka mwaka 1908, ndipo ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Watu walichukuliwa kubeba mizigo na kufanya kazi za nguvu, wakatozwa kodi, na ugonjwa wa malale ukaua watu wengi katika vijiji.

Kimbangu alisoma katika misioni ya Wabaptisti kutoka Uingereza. Alibatizwa tarehe 4 Julai 1915 pamoja na mkewe, Marie Muilu. Wakajaliwa watoto watatu, wote wanaume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Baba yao hakuwa mtu mkubwa. Alifundisha watu Neno la Mungu kijijini, akalima, akaishi kama majirani zake walivyoishi.

Mwaka 1918 ulizuka ule ugonjwa wa mafua ulioenea dunia nzima, na Congo haikuokoka. Watu walikufa kwa wingi, waganga wakashindwa, na wamisionari nao wakashindwa. Katika siku hizo, wafuasi wake husimulia, Kimbangu alisikia sauti ikimwita awachunge watu wa Kristo. Hakufurahi. Alijiona hafai, akasema wako wenye elimu kumpita yeye. Alikimbilia Kinshasa akatafuta kazi ya mshahara, na kwa muda alifanya kazi katika kiwanda cha mafuta. Lakini sauti, wasema, haikumwacha, hata mwisho akarudi N'kamba.

Tarehe 6 Aprili 1921 aliingia katika nyumba moja ya kijiji cha jirani. Humo alikuwamo mwanamke mgonjwa sana, jina lake Nkiantondo. Kimbangu alimwekea mikono, akaomba kwa jina la Yesu Kristo, na watu waliokuwapo walishuhudia kwamba yule mwanamke alipona. Habari hiyo ilienea upesi kuliko moto wa nyikani. Kabla ya miezi miwili kwisha maelfu ya watu walikuwa njiani kwenda N'kamba: vipofu walioshikwa mikono, viwete waliobebwa, kina mama na watoto migongoni. Mashamba ya Wazungu yalipungukiwa vibarua, watumishi wakaacha kazi bila ruhusa, na wagonjwa wengine wakatoka hospitali wakaenda huko.

Hapa nataka niseme kweli kama ilivyo. Si wote waliokwenda N'kamba waliopona. Hata wamisionari wa wakati ule hawakupatana: wengine waliona ni kazi ya Mungu, na wengine wakasema hawakuona uponyaji wowote wa hakika. Mimi sikuwapo, na sina mizani ya kupima mambo hayo. Lakini kuna jambo moja ambalo hata wapinzani wake walilikiri. Watu walibadilika. Katika vijiji vingi walileta hirizi na sanamu zao za uganga, zilizoitwa minkisi, wakazichoma moto au kuzitupa. Kimbangu aliwafundisha waache uchawi, waache ngoma za aibu, na mtu awe na mke mmoja. Walijaa makanisani, wakanunua Biblia na vitabu vya nyimbo. Hakuwatoza fedha kwa kuombewa.

Serikali iliogopa. Mtu mweusi aliyeweza kukusanya maelfu bila amri ya mtu yeyote alionekana kuwa hatari, hata kama mkononi hana ila Biblia. Mwezi wa Mei 1921 mtawala wa wilaya, Bwana Léon Morel, alikwenda N'kamba kujionea. Tarehe 6 Juni alirudi na askari ili amkamate. Palitokea ghasia, vitu vikanyang'anywa, lakini Kimbangu alitoroka. Kwa muda wa miezi mitatu alijificha, akihubiri kijiji kwa kijiji, na watu hawakumsaliti. Kisha mwezi wa Septemba alirudi N'kamba kwa hiari yake mwenyewe, akajitoa mikononi mwa askari. Aliwakataza wafuasi wake wasipigane kwa ajili yake. Kazi yake yote ya kuhubiri na kuponya hadharani haikufika miezi sita.

Alihukumiwa na mahakama ya kijeshi katika mji wa Thysville, ambao leo huitwa Mbanza-Ngungu. Hakuwa na wakili wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kupigwa viboko 120, kisha auawe, kwa shtaka la kuchochea watu na kuhatarisha usalama wa nchi. Wamisionari wa Kibaptisti waliomba ahurumiwe. Mfalme Albert wa Kwanza aliibadili hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha.

Basi Kimbangu alichukuliwa mbali na watu wake, zaidi ya kilomita 1,500, mpaka Elisabethville katika Katanga, ndio Lubumbashi ya leo. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu tu. Wanawe walikuwa wadogo, wa mwisho hajatimiza miaka minne. Kifungo kilianza mwaka 1921, na miaka ikapita. Vita Kuu ya Pili ilianza ikaisha, naye bado yumo gerezani. Watoto wakawa watu wazima, naye bado yumo. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka thelathini, akiwa mfungwa.

Wasomaji wenzangu, nilipofika hapo nilifunga daftari nikakaa kimya. Mtu huyu aliwaombea wengine wakasimama, lakini kwake mwenyewe kufuli halikufunguka. Hatuwezi kudhani kwamba kwa miaka thelathini hakuomba. Aliomba, na mlango haukufunguliwa. Je, nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba? Mamilioni ya wafuasi wake hawakusema hivyo. Kwao, uvumilivu wake gerezani ni ushuhuda ule ule kama wa siku ya Nkiantondo. Ndipo nikaelewa kwamba kuponywa mwili na kuokoka roho ni mambo mawili, ingawa pengine huenda pamoja kama kaka na dada. Mtu aweza kupewa la pili asipewe la kwanza.

Baada ya Kimbangu kufungwa, wafuasi wake nao walihamishwa kwa nguvu wakapelekwa sehemu za mbali za Congo. Serikali ilidhani ikiwatawanya itawamaliza, kumbe ilikuwa inapanda mbegu. Kila walikopelekwa walikusanyika kwa siri na kuwafundisha wenyeji. Nyumbani, Marie Muilu ndiye aliyeshika kazi ya mumewe muda wote huo, bila kelele, huku akilea wana wake. Serikali ililitambua kanisa lao tarehe 24 Desemba 1959. Mama huyo hakuiona siku ile, kwani alifariki mwaka ule ule, miezi michache kabla yake. Mwezi wa Aprili 1960 mwili wa Kimbangu ulirudishwa N'kamba kwa heshima kubwa, na tarehe 30 Juni mwaka huo Congo ikapata uhuru. Mwanawe Kisolokele akawa waziri katika serikali ya kwanza, na Joseph Diangienda akaliongoza kanisa mpaka alipokufa mwaka 1992. Mwaka 1969 kanisa hilo lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa katika Congo kwa ajili ya kumkumbuka.

Liko jambo jingine ambalo lilinigusa kuliko yote. Kanisa hili lilizaliwa kwa uponyaji wa kuwekewa mikono, na hata sasa watu huenda N'kamba kusali na kunywa maji ya chemchemi ya huko. Ungedhani kanisa la namna hiyo lingechukia madawa. Sivyo. Baada ya kupata uhuru wake lilijenga shule, zahanati na hospitali, na Kinshasa lina hospitali inayoitwa kwa jina lake. Hawakuona kwamba sindano ya daktari inamtukana Mungu. Asali na maziwa hukaa katika nyumba moja bila ugomvi.

Nilipokwenda nyumbani likizo iliyopita nilimsimulia mama habari hizi zote jioni moja, wakati baba akiwa amekaa barazani akisikiliza kana kwamba hasikilizi. Nilipofika kwenye miaka thelathini ya gerezani, mama aliacha kuchambua mchele. Aliniuliza kama ni kweli hakutoka. Nikamwambia ni kweli, hakutoka. Hakusema neno, ila asubuhi nilimwona akimpa mdogo wangu kidonge chake kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameuweka juu ya kichwa chake, midomo yake ikienda taratibu. Baba alipita mlangoni, akamwona, wala hakumkataza.

Nakiri kwamba mdogo wangu hajapona. Mkono wake una kovu, na mwezi uliopita alianguka mara moja. Lakini mama halii tena usiku, na hilo nalo kwangu ni uponyaji wa namna yake.

Kwa wanafunzi wenzangu, Wakristo na Waislamu pia, maana ugonjwa haubagui dini, nataka kusema haya. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, mwombee kwa moyo wote, lakini usimnyang'anye dawa yake. Na mtu akikuambia kwamba ndugu yako haponi kwa sababu hana imani, usigombane naye. Msimulie tu habari za mfungwa wa Lubumbashi. Wazazi wetu nao nawaomba wasibebe lawama isiyo yao. Haraka haraka haina baraka, na baraka nyingine hazifiki kwa njia tuliyoitazamia.