Katharina von Bora: Mtawa Aliyetoka Usiku wa Pasaka

Safari hii nawaletea maisha ya mama mmoja wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1552. Jina lake ni Katharina von Bora. Wengi wetu tukisikia habari za Martin Luther tunakumbuka kwamba alikuwa na mke, basi. Hata mimi nilipokuwa chuo cha Biblia, katika somo la historia ya Kanisa, mama huyu alipita kwa sentensi moja tu: Luther akaoa mtawa. Mwalimu akaendelea na mengine. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mkimbizi, ndipo niliposoma habari zake kwa utulivu, nikaona kwamba sentensi ile iliruka mambo yanayotuhusu sana.

Nina sababu ya kumchagua. Hapa makazini wako ndugu wanaotoka katika vikundi vya dini vyenye masharti makali. Vingine vinakataza dawa za hospitali, vingine vinakataza kula na mtu asiye wa kundi, na vingine mama akisuka nywele anatengwa. Mimi mwenyewe nililelewa katika kundi la namna hiyo kule kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, nikatoka nikiwa kijana. Kutoka kulinichukua siku moja. Lakini kwa miaka kadhaa baadaye, kila nilipomeza kidonge cha malaria, nilitetemeka kama mwizi, nikingoja Mungu anipige. Kwa hiyo ninaposoma habari za Katharina, usiku wa kutoroka kwake ni mwanzo tu. Ninatafuta aliishije kesho yake.

Alizaliwa Saxony mwaka 1499, katika ukoo wa makabaila uliokuwa umebaki na jina bila mali. Mama yake alifariki Katharina akiwa mdogo, baba akaoa tena, na mtoto akiwa na umri wa miaka mitano hivi akapelekwa kusoma kwa watawa huko Brehna. Baadaye akahamishiwa nyumba ya watawa ya Nimbschen, karibu na mji wa Grimma. Mwaka 1515, akiwa na miaka 16, akaweka nadhiri za maisha. Hakuna aliyemwuliza kama anataka. Kwa familia maskini yenye jina kubwa, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kumtunza binti bila kutafuta mahari ya kumwoza.

Siandiki haya kuwasema ndugu zetu Wakatoliki, ambao masista wao wamewauguza wengi wetu safarini. Sista wa leo huingia akiwa mtu mzima, na huchunguzwa kwa miaka kabla ya kuahidi lolote. Wakati ule mtoto aliingizwa.

Kule Nimbschen kengele ndiyo iliyoamua kila kitu. Kengele ya kuamka usiku kwenda kusali, kengele ya kula, kengele ya kunyamaza. Muda mwingi watawa hawakuruhusiwa kuzungumza. Ndugu wa damu wakija kutembelea, waliongea nao kupitia dirisha lenye nondo. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kusema kwamba yote aliyopewa pale yalikuwa mabaya. Alijifunza kusoma na kuandika, jambo ambalo wasichana wengi wa wakati wake hawakulipata. Alijifunza kuimba na Kilatini kidogo, na aliishi miaka mingi katika nyumba yenye mashamba makubwa, ambapo akina mama wenyewe ndio walioendesha shughuli. Shangazi yake, Magdalena, alikuwa humo humo akiwahudumia wagonjwa.

Mwaka 1521 Luther aliandika kitabu juu ya nadhiri za utawa. Alifundisha kwamba nadhiri haiwezi kumnunulia mtu wokovu, na kwamba nadhiri iliyowekwa kwa kulazimishwa haimfungi mtu mbele za Mungu. Mafundisho hayo yalipenya mpaka Nimbschen. Watawa kadhaa wakaziandikia familia zao wakiomba kuchukuliwa. Familia zikakataa. Ndipo wakamwomba Luther.

Luther akamtumia Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa mji wa Torgau, mzee wa makamo aliyekuwa na desturi ya kupeleka bidhaa pale, zikiwemo samaki wa chumvi. Usiku wa kuamkia Pasaka, tarehe 5 Aprili 1523, watawa 12 wakatoka wakapanda gari lake la farasi. Husimuliwa kwamba walijificha ndani ya mapipa ya samaki. Watoto wa shule ya Jumapili hupenda sana sehemu hiyo, na hapa kwetu tunaojua harufu ya magunia ya ndagaa tunaielewa vizuri, lakini lililo hakika ni gari lenyewe na usiku wenyewe. Kumtorosha mtawa kulikuwa kosa ambalo adhabu yake iliweza kuwa kifo. Mzee Koppe alikuwa anacheza na shingo yake.

Walipita Torgau, na siku chache baadaye tisa kati yao wakafika Wittenberg wakiwa na nguo walizovaa tu. Luther hakuwaficha. Alichapisha barua ya wazi, akataja majina yao na jina la Koppe, ili isije ikasemwa kwamba kuna jambo la aibu linafunikwa. Kisha ikaanza kazi ngumu, ambayo wachungaji tunaijua: watu wameokolewa, sasa walale wapi? Wale ni nani? Familia nyingi hazikutaka kuwapokea. Wengine walipatiwa waume, wengine kazi. Mmoja wao, Magdalena von Staupitz, baadaye alipewa shule ya wasichana huko Grimma aiongoze. Katharina alikaa katika nyumba za watu, ikiwemo nyumba ya mchoraji Lucas Cranach, akijifunza shughuli za nyumba yenye watoto, wageni na biashara. Alikuwa na miaka 24, na tangu utotoni hakuwa amewahi kuamua ale nini wala aamke saa ngapi.

Hapo nasimama kidogo. Mtu akitoka katika kundi lenye masharti makali, sisi tuliompokea hupenda kumpa haraka kengele nyingine. Tunamwambia avae hivi, afunge siku hizi, aolewe na huyu. Na yeye mwenyewe huomba apewe, maana ukimya unamtisha. Walitaka kumfanyia Katharina hivyo hivyo. Kijana mmoja wa Nuremberg, Hieronymus Baumgartner, alimpenda, wakakubaliana, kijana akaenda kwao kuwaeleza wazazi, hakurudi tena. Luther akampendekezea mchungaji mwenye umri mkubwa, Kaspar Glatz. Katharina akakataa. Mwanamke asiye na nyumba wala mali, anayekula chakula cha watu, akamkatalia yule aliyepanga kutoroshwa kwake! Akamwambia Nikolaus von Amsdorf, rafiki wa Luther, kwamba huyo Glatz hamtaki, ila yeye Amsdorf au Luther mwenyewe akimposa atakubali. Wako waliomwona mwenye kiburi. Mimi naona kwamba hapo ndipo alipotoka utawani kwa kweli.

Luther alimwoa tarehe 13 Juni 1525. Yeye alikuwa na miaka 41, Katharina 26. Mwaka huo huo wakulima wa Ujerumani walikuwa wameinuka dhidi ya watawala na maelfu kwa maelfu walikuwa wameuawa, hivyo hata rafiki wa karibu kama Philipp Melanchthon aliona harusi hiyo haina wakati. Maneno ya watu nayo hayakukosekana. Kulikuwa na uvumi wa zamani kwamba mtawa wa kiume na wa kike wakizaa, atazaliwa Mpinga Kristo. Fikirini mama mwenye mimba ya kwanza, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kuvunja nadhiri ni kuangamia, akisikia maneno hayo kila aendapo sokoni. Mwezi Juni 1526 akajifungua mtoto wa kiume, Johannes, mzima kabisa.

Wakapewa jengo lililokuwa nyumba ya watawa wa kiume la Wittenberg ili wakae humo. Luther kabla ya kuoa alikuwa hajabadilisha majani ya kitanda chake kwa mwaka mzima. Alijitupa usiku akiwa amechoka, akalala juu ya uozo. Katharina alianzia hapo. Kisha akatengeneza paa, bustani, bwawa la samaki, zizi la ng'ombe na nguruwe. Akapokea wanafunzi waliolipa chakula na malazi, akatunza wagonjwa, akalea yatima wa ukoo na wasio wa ukoo, hata mezani wakawa watu 30 au 40. Aliamka saa kumi alfajiri. Shangazi yake Magdalena, yule wa Nimbschen, naye alitoka akaja kukaa nao akiwalea watoto.

Pia alipika pombe. Najua wengine mtashtuka. Kwa watu wa kule wakati ule pombe nyepesi ilikuwa kinywaji cha nyumbani cha kila siku. Kanisa letu halinywi, na sitaki kusikia kwamba mchungaji amefungua kilabu katika gazeti. Nimelitaja kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mama huyu hakugawa siku yake vipande viwili, kipande cha Mungu na kipande cha sufuria. Luther alifundisha kwamba kufua nepi za mtoto kwa imani ni kumtumikia Mungu sawasawa na sala za watawa. Ni rahisi mwanamume kufundisha hivyo. Aliyefua alikuwa Katharina.

Wala hakuacha Neno. Mwaka 1534 Biblia nzima ya Kijerumani ya Luther ilitoka. Mwaka 1535 Luther akamwahidi mkewe guldeni 50 kama ataimaliza kuisoma kabla ya Pasaka, naye akaichukulia ahadi hiyo kwa uzito. Napenda sana jambo hili. Miaka ya Nimbschen alikuwa ameimba zaburi za Kilatini kwa saa alizopangiwa. Sasa anasoma kwa lugha ya nyumbani, katikati ya watoto, kwa kasi yake mwenyewe, na kuna dau la fedha juu yake!

Walizaa watoto sita. Elisabeth alifariki mwaka 1528 akiwa hajafikisha mwaka mmoja. Magdalena alifariki Septemba 1542, akiwa na miaka 13, mikononi mwa baba yake, na Katharina yuko chumbani humo humo, amesogea mbali kidogo kwa sababu ya uchungu. Kundi kali lingempa maelezo tayari: umevunja nadhiri, Mungu anadai. Wale waliotoka mnayajua maelezo hayo, hata kama hakuna anayeyasema kwa sauti. Katharina alilia sana, wala hakurudi nyuma.

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546, akiwa safarini Eisleben. Katika wosia wake alikuwa amemwachia Katharina kila kitu na kumwamini kuwa mlezi wa watoto, kinyume na desturi ya wakati huo. Lakini alikuwa amedharau kuwatumia wanasheria, na sheria ya Saxony haikumtambua mjane hivyo. Wakubwa walitaka mashamba yauzwe na wavulana wapelekwe kwa watu wengine. Katharina akapigania, mtawala akauthibitisha wosia, watoto wakabaki naye ingawa waliwekewa walezi.

Mwaka huo huo vita vikaja. Kaizari Karl wa Tano aliyashambulia majeshi ya watawala wa Kiprotestanti, naye Katharina akafunga mizigo akakimbilia Magdeburg na watoto. Akarudi. Mwaka 1547, baada ya watawala hao kushindwa huko Mühlberg, akakimbia mara ya pili, Magdeburg, kisha Braunschweig, akitaka kufika Denmark kwa mfalme aliyekuwa amemsaidia. Alipofika Gifhorn njia ilikuwa imejaa askari, akageuza. Aliporudi nyumbani alikuta mashamba yameharibiwa, majengo yamechomwa, mifugo haipo. Nadhani sina haja ya kuwaeleza zaidi. Akakopa, akapokea tena wanafunzi wa kulipa, akaandika barua kwa mfalme wa Denmark akiomba msaada. Mjane wa Luther, ambaye vitabu vya mumewe viliuzwa nchi nyingi, aliandika barua za kuomba kama tunavyoandika sisi.

Mwaka 1552 tauni iliingia Wittenberg, na Chuo Kikuu kikahamia Torgau. Katharina akapanda gari na watoto wake Paul na Margarete kuelekea huko. Njiani farasi wakashtuka na kukimbia hovyo. Akaruka ili awazuie, akaanguka vibaya katika mtaro wenye maji baridi. Alilala kitandani karibu miezi mitatu, binti yake akimwuguza, akafariki tarehe 20 Desemba 1552, akiwa na miaka 53.

Alizikwa palepale Torgau, katika kanisa la Mtakatifu Maria, katika mji wa mzee Koppe, ambako lile gari lake lilitoka usiku ule wa Pasaka. Jiwe la kaburi lake lipo mpaka leo. Limechongwa mama aliyevaa koti zito na kitambaa kichwani, kama mwanamke yeyote mwenye nyumba wa siku zile, na mikononi ameshika kitabu.